Magunia mawili ya Mbagala: kisa cha bustani iliyokufa katikati

Wifi yangu alinipigia simu katikati ya Machi. "Wifi, mboga zangu zimekufa katikati." Nikadhani anasema katikati ya msimu. Kumbe alimaanisha katikati ya gunia: safu za juu zilikuwa hai, za chini zinajikongoja, na za katikati zimekauka kama tumbaku.

Mimi si bwana shamba. Nimepanda mboga kwenye ndoo, madumu na viroba kwa miaka kama kumi, na katika miaka hiyo nimeua mimea ya kutosha, kiasi kwamba nikiuona umekufa naweza kubahatisha umekufa kwa nini. Jumapili nikapanda daladala nikaenda Mbagala kuangalia.

Nyumba anayopanga ni ile ya kawaida ya Dar es Salaam: vyumba sita, korido katikati, uani kuna jiko la pamoja, choo, kamba za nguo na kisima. Mama mwenye nyumba anakaa chumba cha mbele. Sehemu aliyoruhusiwa wifi ni kipande cha kama hatua tatu kwa mbili kando ya ukuta wa nyuma. Hapo ndipo wazo la gunia lilipomwingia. Aliona video ya mama wa Nairobi akichuma sukuma wiki kwenye gunia lililosimama mbele ya mlango, majani mapana yamezunguka pande zote mpaka gunia lenyewe halionekani. Akasema, hatua tatu kwa mbili zinanitosha na kubaki.

Hesabu yake haikuwa mbaya. Kiroba cha salfeti ambacho upana wake kikilazwa ni sentimita 60, kikijazwa udongo kinakuwa duara lenye mzunguko wa sentimita 120 hivi. Chini kinakalia karibu sehemu moja ya kumi ya mita ya mraba. Ukikijaza mpaka urefu wa sentimita 80 na kupanda ubavuni, ubavu wenyewe unakupa karibu mita moja nzima ya mraba. Yaani ardhi ya kuweka ndoo mbili inageuka tuta. Ndiyo maana njia hii ilishika sana Kibera. Baada ya fujo zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, watu walipokuwa wamefungiwa njia na chakula kimepanda bei, shirika la Kifaransa la Solidarités International liliwafundisha wakazi kupanda mboga kwenye magunia na kuwapa miche. Mahali ambapo nyumba zimegusana ukuta kwa ukuta, gunia lilikuwa shamba pekee linaloweza kupita kwenye uchochoro.

Wifi alifanya vilevile alivyoona, na hilo ndilo nililokuja kuligundua baadaye kuwa tatizo. Alinunua viroba viwili. Katikati ya kila kiroba alisimamisha kopo la rangi lililokatwa chini, akalijaza kokoto, akazungushia udongo, akalivuta kopo juu, akajaza tena kokoto, hivyo hivyo mpaka juu, ili maji yapate njia ya kushuka. Akatoboa matundu 24 kwenye kila kiroba na kuchomeka miche 48 ya sukuma. Udongo aliuchota nyuma ya nyumba, akachanganya na samadi aliyopewa na jirani anayefuga kuku wa nyama. Ilikuwa wiki ya pili ya Februari.

Nilipofika, kitu cha kwanza nilichoomba ni simu yake. Watu wanaoanza bustani wanapiga picha kila siku, kama wazazi wa mtoto wa kwanza, na picha zina tarehe. Siku ya tano miche yote imesimama. Siku ya tisa kingo za majani zimeungua rangi ya kahawia, na zimeungua kote, juu mpaka chini. Siku ya 16 safu mbili za katikati zimelala, huku za juu zinaendelea. Kwa hiyo tulikuwa na ugonjwa mmoja ulioshika gunia zima na mwingine ulioshika kiuno tu. Ukiyachanganya haya mawili utatibu sicho.

Kisha nikaomba kisu. Wifi hakufurahi, lakini gunia lilikwisha kufa, na ukitaka kujua kilichotokea ndani lazima ulipasue. Nikapasua moja kutoka juu hadi chini.

Sentimita kumi na tano za juu zilikuwa na unyevu mzuri. Chini kabisa kulikuwa na tope linalonuka, na mizizi ya safu ya mwisho imekuwa myeusi na laini. Katikati, kuanzia pale kokoto zilipoishia kwenda ukingoni, palikuwa na vumbi. Vumbi kabisa, unaliminya linapita vidoleni. Maji yote aliyokuwa akimimina kila jioni kwenye kokoto yalikuwa yanashuka moja kwa moja kama yamepewa bomba, yanatua chini, na katikati hayasimami hata kusalimia.

Mbona Nairobi hayafanyi hivyo? Udongo wa Nairobi, uwe ule mwekundu au ule mweusi, ni wa mfinyanzi. Mfinyanzi unavuta maji upande kwa upande; ukilowesha kokoto, unyevu unatambaa mpaka ukingoni. Udongo wa Mbagala ni mchanga. Kwenye mchanga maji yanajua njia moja tu, nayo ni chini. Lile kopo la kokoto ambalo kule ni ufundi, huku lilikuwa shimo la kupotezea maji.

Halafu kuna hali ya hewa, ambayo kwenye video haionekani. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari. Usiku kuna baridi na sukuma inapenda baridi. Februari kwetu ni kaskazi, jua kali na usiku wa joto, mwezi ambao hata mchicha kwenye tuta la kawaida unaomba kivuli. Na gunia lililosimama linapigwa jua ubavuni pia. Kile kile kinacholipa eneo kubwa la kupandia, yaani ubavu wake, ndicho kinachokausha udongo kuliko tuta la chini. Kiroba kimoja kilichojaa mimea, kwa joto la namna ile, kinataka lita tano mpaka nane za maji kwa siku, na yafike kwenye mizizi. Wifi alikuwa anaweka lita tatu, akiona chini panavuja anaridhika kwamba gunia limeshiba.

Hicho ndicho kilichoua kiuno. Kuungua kwa kingo za majani yote kulitoka kwingine.

Samadi ilikuwa mbichi. Tena samadi ya kuku wa nyama huja na maranda yaliyotandikwa bandani. Nilipoingiza mkono kwenye gunia la pili palikuwa bado na uvuguvugu, na harufu ile inayochoma pua. Samadi ya kuku ni kali kuliko ya ng'ombe au mbuzi; isipoachwa ioze miezi miwili mitatu, imwagiwe maji na kugeuzwa, inaunguza mizizi michanga. Maranda nayo yakianza kuozea ndani ya gunia yanakula naitrojeni ambayo mmea ulikuwa unaihitaji, ndiyo maana majani yaliyonusurika kuungua yalikuwa ya njano. Aliyempa alimpa kwa nia njema. Hakuna aliyemwambia mwenzake kuwa kitu hiki kinahitaji muda.

Jambo la tatu nililiona nje ya gunia kabla hata ya kupasua, ila sikulitilia maanani mwanzoni: ukoko mweupe kwenye kitambaa, hasa upande wa jua. Nikauonja. Chumvi. Kisima cha pale uani ni cha maji ya chumvi, kama visima vingi vya Dar, na maji yanapokauka kupitia ubavu wa kiroba yanaiacha chumvi nyuma. Kila siku unaongeza kidogo. Kwa wiki chache isingeua sukuma peke yake, lakini ingeendelea ingefika huko. Maji ya chumvi ndiyo yanayopaswa kumchagulia mtu wa pwani mboga ya kupanda: maharage yanazira mapema, mchicha unavumilia kiasi, na spinachi zetu hizi za majani mapana, ambazo ni ndugu wa bitiruti, ndizo zinazostahimili zaidi, maana asili yao ni mmea wa ufukweni.

Kwa hiyo tulikuwa na sababu tatu, na nikaulizwa ipi iliyoua. Mimi nasema maji yasiyofika katikati ndiyo yaliyoua, samadi ilijeruhi, na chumvi ilikuwa inajipanga. Mtu mwingine angeweza kuanza na samadi, na sitabishana naye sana. Nitakachobishia ni lile jibu ambalo kila mtu pale uani alikuwa nalo tayari, kwamba "gunia halifai". Gunia lilifanya kazi yake, ambayo ni kupunguza ardhi. Haliongezi maji wala jua, na wala halikuahidi. Wifi alihesabu hatua tatu kwa mbili akaona ana uhaba wa nafasi, ilhali kilichokuwa haba zaidi pale ni maji matamu.

Kabla ya kupanga upya nilimfanyisha kazi moja ya kuchosha. Jumamosi moja akae nyumbani na kila baada ya saa moja atie alama kwa chaki pale jua lilipofika. Ilionekana kwamba kile kipande cha ukutani kinapata jua kuanzia saa nne asubuhi hadi saa nane mchana, basi. Baadaye kivuli cha nyumba ya jirani kinashuka. Saa nne za jua zinatosha mboga za majani. Nyanya na pilipili hoho, alizokuwa ameanza kuzinunulia mbegu, zinataka saa sita na zaidi. Tulizirudisha pakiti kabatini.

Na kulikuwa na mama mwenye nyumba. Yeye alikuwa na lake, na lilikuwa la haki. Magunia yaliegemea ukuta, na ukuta ulikuwa umelowa mpaka plasta inabanduka. Pia aliona visahani vya maji vilivyowekwa chini ya gunia kudaka yanayovuja, akakumbuka homa ya dengi ya 2014 na ya 2019 ilivyotembea mji huu. Mbu wa dengi anazalia kwenye maji kidogo yaliyotuama, kisahani kinamtosha sana. Tulikwenda kumwamkia wote wawili.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mmekuja kunihamishia shamba lenu au kuniongezea?"

Tukamwomba radhi ya ukuta. Akasema yaondolewe. Hapo ndipo wifi alipojua jambo ambalo video haikumwambia: gunia moja la urefu ule linabeba kama ndoo nne na nusu za udongo, na likilowa linapita kilo mia. Halihamishiki. Tulilimwaga kwa koleo, tukatoa na kokoto, saa mbili za jasho. Anayepanga nyumba hana haki ya kusimamisha kitu asichoweza kukivuta siku akiambiwa kivute. Hilo ningeliweka mbele ya mambo yote ya mboji.

Hatukupanda upya mara moja, na kusubiri huko ndiko kulikomuudhi kuliko yote. Masika yakaja. Udongo ule wenye samadi tuliulundika pembeni, tukaufunika, tukawa tunaugeuza kila wiki mbili. Mvua tulizozikinga kwenye bati tulizimwagia humo kuosha chumvi. Kufikia katikati ya Juni, kipupwe kimeingia na joto limeshuka, lundo lilikuwa jeusi, baridi, linanuka kama udongo wa msituni. Tukaongeza kiroba kimoja cha samadi mbivu ya ng'ombe, na sehemu moja ya vumbi la makumbi ya nazi kwa kila sehemu tatu za udongo. Makumbi ndiyo yaliyobadilisha mambo; yanashika maji kama sponji, na kwa wauza nazi sokoni ni takataka. Kama yanatoka kwa watu wanaoyafukia baharini kutengeneza kamba, yaoshwe kwa maji matamu mara mbili tatu kwanza, la sivyo utarudisha chumvi uliyoifukuza.

Safari hii viroba vilikuwa vitatu, vimekunjwa nusu na kujazwa sentimita 45 tu. Watu wawili wanaweza kukiburuta kimoja. Vilikaa juu ya matofali, upana wa kiganja kutoka ukutani, bila kisahani. Kokoto hakuna. Badala yake katikati ya kila kiroba tulifukia chupa ya maji ya lita moja na nusu iliyotobolewa kwa sindano ya moto kuanzia juu mpaka chini, shingo imebaki nje. Unaijaza, inatoa maji taratibu kwa kila kimo. Ubavuni tulitoboa matundu upande wa jua peke yake, yale ya ukutani tuliyaacha. Mmea uliogeuziwa ukuta unakula maji bila kurudisha kitu.

Sukuma tukaiacha Nairobi. Ubavuni tulipanda spinachi. Juu tulisia mchicha, ambao wiki ya nne unachumwa. Ukiukata na kuacha vifundo viwili chini unachipua tena, ukiung'oa na mizizi kama wanavyouza sokoni unaanza upya. Madumu mawili ya lita 20 yaliyokatwa ubavu nayo yalisiwa mchicha, moja likitangulia lingine kwa wiki mbili ili usikomae wote siku moja. Na ndoo moja iliyotobolewa chini ilipewa marando ya matembele, ambayo mama wa chumba cha pili aliyatoa bure. Ningeulizwa na mtu asiyewahi kushika jembe aanze na nini, ningemwambia matembele. Hayahitaji mbegu wala kitalu, yanachomekwa tu, wiki ya sita unachuma, na yakizidi yananing'inia nje ya ndoo yasichukue nafasi ya mtu.

Vidukari walikuja Agosti, wakajazana nyuma ya majani ya spinachi. Majani ya mwarobaini yaliyotwangwa na kulowekwa usiku mmoja, yakachujwa na kutiwa sabuni ya kipande kidogo, yalinyunyizwa jioni kwa siku tatu. Kuku wa nyumba ya jirani walikuwa balaa kubwa zaidi, na dawa yao ilikuwa kipande cha chandarua kibovu.

Sasa fedha, maana watu wengi wanaanza hivi wakiamini wataokoa fedha. Wifi ana daftari. Awamu ya kwanza ilimla shilingi 27,000 na haikutoa hata chungu kimoja. Ya pili ilimgharimu 9,000. Vyombo vyote sita vinatumia lita 12 kwa siku, nusu yake ni maji aliyooshea mchele na mboga, hayana sabuni wala jiki. Nusu ni maji matamu ya kununua, dumu shilingi 300 pale kwao, kwa hiyo 2,700 kwa mwezi. Anachuma mboga ya kutosha watu watano mara mbili kwa wiki, ambayo sokoni angeilipia shilingi 1,000 kila mara. Kwa mwezi ni 8,000. Toa maji, zinabaki 5,300. Za awamu ya pili zilirudi mapema. Za ile ya kwanza, kama hakuna kitakachoharibika, zitarudi kwenye Februari. Akirudia kununua maji yote badala ya kutumia ya mchele, faida inashuka mpaka 2,600, na mwezi wa joto huenda asipate hata hiyo.

Kwa hiyo sikumwambia kwamba ni biashara. Anachokipata ni kitu kingine: anajua maji yaliyoinywesha mboga yake. Mboga nyingi za bei nafuu mjini hulimwa mabondeni, na malalamiko kuhusu maji machafu yanayoingia Mto Msimbazi ni ya miaka mingi. Ana mtoto wa mwaka mmoja. Mwenyewe anasema hiyo peke yake inatosha, na mimi sina daftari la kumpinga. Ila udongo nao niliuuliza kabla ya kuutumia: ulichotwa wapi hasa? Ungekuwa umechotwa palipokuwa pakitupwa betri mbovu, au chini ya ukuta uliokwanguliwa rangi ya zamani, ningesema umwagwe wote, maana madini ya risasi yaliyomo humo hayaozi hata ukingoja masika kumi.

Kuna jambo moja ambalo bado sijaliweka sawa. Salfeti inaliwa na jua. Kiroba kimoja kimeshaanza kuchanika ubavuni na hata mwaka hakijamaliza. Tunafikiria kukivisha kipande cha khanga kuukuu, au tukubali kwamba viroba hununuliwa kila mwaka kama mbegu. Na Januari kaskazi ikirudi, mchicha wa juu tutauwekea kivuli cha makuti, spinachi tutaziacha zipambane.

Jumamosi iliyopita nilipita kuwasalimu. Vuli imeanza, matembele yamemwagika mpaka chini. Nikakuta ndoo mbili nisizozijua, mpya, zimejazwa udongo na kuchomekwa marando, zimesogezwa pale pale penye jua la saa nne, na kiroba kimoja cha wifi kimeburutwa kivulini kuzipisha. Nikamuuliza wifi ni za nani. Akanikonyeza kuelekea chumba cha mbele.

"Nimwambie nini? Nyumba yake."

Tukakiburuta kiroba upande wa choo, ambako jua linafika saa tano.